Papa Foni, Mwenye Kuhesabu Maneno

Tarehe tisa, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza mapema, ikapiga mpaka ng'ombe wa jirani wakakataa kutoka zizini, kisha ukungu ukashuka juu ya Kirolirwe na haukupanda tena. Maharagi niliyoanika nimeyarudisha ndani yakiwa nusu makavu.

Mume wangu yuko njiani kutoka Shasha. Juzi alituma habari kwamba gari lina ugonjwa wa boîte, vitesse, yaani gia, haziingii, na tangu hapo sijapata neno. Njia ya Sake siku hizi si ya kuchelewa nayo.

Papa Foni yuko hapa kwetu. Patron wake alimtuma atazame mashine ya duka la hapa, na matope yamemzuia kurudi. Sasa hivi amekaa jikoni, anakausha bottes zake za mpira karibu na moto na kumfundisha binti yangu kupanga kuni, kazi ambayo binti yangu anaijua tangu utotoni. Mimi nimejificha chumbani niandike, maana nikikaa bure nitawaza njia. Mara nyingi nimetaka kuandika habari za mtu huyu nikaacha. Niliacha shule mwaka wa sita wa primaire, na kazi yake ni kazi ya akili. Nitaandika jinsi alivyonieleza yeye. Mahali nitakapokosea, kosa ni langu.

Tulifahamiana Mubi, kule Walikale, miaka ile vita ilipotutoa kwenye mashamba yetu ya hapa milimani tukaifuata barabara ya msitu. Mume wangu alipata kazi ya kuendesha Fuso ya patron mmoja, mfanyabiashara wa Butembo, nami nikafungua malewa, kibanda cha kuuza chakula, ukuta kwa ukuta na duka la patron huyo. Upande wa pili wa ukuta ndipo alipofanya kazi Papa Foni. Foni ni ile redio ya kusema na watu wa mbali: kisanduku, batri ya gari, na waya mrefu ulionyoshwa kati ya miti miwili. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini sijasikia mtu akimwita nalo, hata padri.

Katika foni maneno yanapotea. Mwenzako anasema kumi, wewe unapata matano, na matano hayo yanaweza kuonekana mazuri kabisa. Kwa hiyo maoperateri walikuwa na desturi: kabla ya kutoa habari, unasema kwanza ina maneno mangapi. Wa upande wa pili anaandika, anahesabu, na hesabu isipotimia anasema "rudilia". Ikitimia ndipo anasema "terminé". Maoperateri wengine waliiacha desturi hiyo kazini jioni. Yeye alitembea nayo.

"Maneno tano," ananiambia akiwa bado mlangoni. "Mama Riziki, chai haina sukari."

Wanawake wa soko walimfanya mchezo. Mama mmoja muuza makala ya kupikia alimwuliza mbele ya wateja wangu wote: "Papa Foni, na bibi yako, unamwambiaka namna gani kama unamupenda? Unahesabu kwanza?"

"Nahesabu."

"Naye anajibuka nini?"

"Anasemaka ananipata moja juu ya tano." Katika foni, hiyo ndiyo sauti inayosikika vibaya kuliko zote.

Hata kanisani. Baada ya misa katekista alipotoa matangazo, Papa Foni alinyosha mkono akataka aseme kwanza matangazo ni mangapi, ili watu wajue wasitoke kabla. Katekista alikasirika. Lakini Jumapili iliyofuata alisema hesabu.

Niseme na upande mwingine, nisimpambe. Alikuwa mtu wa kujisifu. Mashati yake aliyapiga pasi ya makala kila asubuhi hata matope ya Mubi yakiwa yamefika magotini, na akikuona na shati lililokunjamana alikuambia. Alikuwa mwepesi wa kukasirikia watu na mpole kwa vyombo. Nilimsikia akiibembeleza batri kama mgonjwa, na dakika ileile akimfokea mteja. Na huyu mtu wa hesabu, kwenye kisoro, mchezo wetu wa bao, alikuwa mwizi wa kokwa. Ukimkamata mkono hakuona haya. "Nilitaka kuona kama unaangalia," anasema, na kurudisha kokwa shimoni.

Lakini familia ambazo vita ilizitawanya alizipigia foni bila kuzidai kitu, saa ya chakula chake mwenyewe. Nilimwona akimshika mkono mzee aliyetafuta binti zake, huku akiita Shasha, Kirolirwe, tena Shasha, mpaka chai yake inapata ngozi juu. Ukimshukuru alikuambia usimpotezee batri. Sijui kama huo ni ukali ao ni haya.

Kisha patron akanunua antene ya satelite, kubwa kama sinia ya kuanikia mihogo, na komputa. Watu walidhani Papa Foni ataachwa. Yeye akajifunza. Padri mmoja alimpa vitabu ndani ya CD, na mwaka mzima nilimwona kwenye meza yangu ya pembeni, macho mekundu, akinywa chai baridi. Akatengeneza programu yake ya kupeleka na kuchukua habari kati ya maduka yote ya patron. Akanieleza hivi: mashine ina luga yake, na luga hiyo inakuja na vyombo vyake tayari, kama vile bibi-arusi anavyokuja na masufuria. Kuna chombo cha kufungua njia ya réseau, yaani mtandao, chombo cha kutuma, chombo cha kupokea. Vyote pamoja aliviita bibliothèque ya luga. Mtu hatengenezi vile vyombo mwenyewe, anavichukua tu, na watu wa dunia nzima wanachukua vilevile.

"Na maneno?" nilimwuliza. "Utayahesabu namna gani sasa?"

"Njo uzuri yake, Mama. Mashine inahesabu yenyewe. Kila habari inakuya na hesabu ya herufi zake mbele, sawa foni. Mimi nipumzike."

Akawaambia maoperateri wa maduka yote: acheni kutaja hesabu, mashine inaitaja. Nao wakaacha. Ndilo kosa alilofanya, na alilifanya kwa sababu aliiheshimu desturi, si kwa kuidharau. Aliona hesabu mbele ya habari akaamini kwamba lazima kuna mtu upande wa pili anayehesabu.

Siku ile mume wangu alikuwa amepakia, anangoja habari ya njia ya Hombo. Mvua ilikuwa juu ya msitu, na mvua ikiwa nzito antene inapoteza mbingu. Ikaingia habari kutoka Shasha: "Njia iko wazi, magari inapita muzuri." Mashine ikaandika chini yake kwamba imekwisha kupokea. Mume wangu akapiga honi mara moja mbele ya malewa yangu, akaenda.

Habari yenyewe, nzima, ilikuwa hivi: "Njia iko wazi, magari inapita muzuri. Hiyo ni ya jana. Leo bunduki inalia Hombo, mungoje."

Tuliipata kwa foni ya kijiji kingine, yeye akiwa ameshakwenda mbali. Siku zilizofuata sitaziandika. Alirudi kwa miguu, mwembamba, miguu imechubuka, mzima. Gari lilikuwa limefichwa kwenye uwanja wa misheni moja na baadaye lilirudi pia. Wengine wa njia ile hawakurudi, kwa hiyo sina haki ya kulalamika.

Mume wangu hakumpiga Papa Foni, hakumtukana. Aliacha kumwamkia. Kwa watu wanaopita mlango mmoja kila asubuhi, hilo ni jambo zito. Siku Papa Foni alipomletea kiti na kumwagizia chai, mume wangu alibaki amesimama. "Nitakunywa chai na weye siku machine yako itajua kusema 'sijue'," akamwambia. "Mbele ya ile siku, siingie mu gari juu ya neno yake." Patron naye akasema kama dereva haamini, antene itashushwa na kuuzwa. Na mimi nilikuwa katikati. Nilitaka mume wangu asiende popote, na nilitaka tule. Kila habari njema ya njia niliyoisikia kupitia ukuta nilijiuliza nusu yake nyingine imebaki wapi.

Papa Foni alianza kwa kujishitaki. Aliifungua programu yake yote, akaipekua mstari kwa mstari, akisema kosa ni lake tu. Majuma yalipita. Siku moja alikuja kwenye malewa amekasirika kwa namna ambayo sikuijua, namna ya furaha.

"Mama Riziki, nipe sahani ya nyama. Useme mbele iko vipande ngapi."

"Sita."

"Sasa leta mbili, kiisha urudi jikoni na ufunge mulango."

Nikafanya, nikamchungulia kwenye ufa wa mlango. Akatazama vile vipande viwili, kisha akasema kwa sauti ya kistaarabu sana: "Aksanti Mama, nimeshiba, nyama yote imefika." Akapiga meza. "Njo vile bibliothèque inafanya. Inasikia sita. Inaandika sita. Waya ikikatika kwa mbili, inaniambia imeisha. Kosa haiko mu programu yangu. Iko mu luga."

Nilimwuliza kama inawezekana luga ya dunia nzima ikosee na yeye wa Mubi aone. Aliniangalia kama vile nimesema shati lake halina pasi. "Kwao waya haikatike," akasema. "Nani ataona?"

Wenye kulinda ile luga ni watu wa mbali, wengi wanafanya kazi hiyo kwa moyo tu, baada ya kazi zao nyingine. Aliwaandikia kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza cha kamusi. Walijibu kwa heshima kwamba wamejaribu, na kwao kosa halionekani. Alitembea huku na huku mbele ya kibanda changu. "Bantu ya waya isiyokatika," alisema, na mengine ambayo siyaandiki. Nilimwambia pengine ni kweli kwao halionekani, kwa nini waseme uongo. Akaenda kucheza kisoro, akaiba, akakamatwa, na katikati ya kusema "nilitaka kuona kama unaangalia" akasimama, akaacha kokwa zake hapo, akaondoka.

Alikwenda kutengeneza programu ndogo ya uongo. Kazi yake ilikuwa moja: kuahidi habari ya urefu fulani, kutoa nusu, na kukata. Mtu akiwa na ile programu, hata kama waya wake ni mzuri namna gani, anakuwa kama yuko kwetu siku ya mvua. Akaiita Mubi. Akawatumia.

Safari hii waliona. Mmoja alimwandikia kwamba samahani, uko sawa. Papa Foni alilisoma jibu hilo kwa sauti katika malewa yangu mpaka wateja wakaomba aliache.

Pamoja na Mubi alikuwa amewatumia dawa aliyoitengeneza: hesabu isipotimia, chombo kiitupe habari yote, kisitoe hata herufi. Waliikataa. Walimweleza kwamba ziko mashine nyingi duniani zinazotaja hesabu mbaya kwa uzembe, zinasema sita wakati nyama ni tano tangu mwanzo, na watu wanaishi na hizo tano. Dawa yake ingewaua kwa njaa watu wasio na kosa. Alinuna. Aliwaita waoga. Mimi sina elimu ya kuamua, lakini kwa haki niandike kwamba yule aliyemweleza alimweleza pole pole, barua baada ya barua, bila kumdharau, na kwamba mwishowe Papa Foni mwenyewe alikuja mezani akasema, bila kuhesabu maneno, "Banasema kweli." Sijui kama nilipata kumwona mrefu kuliko siku ile, ingawa alikuwa amekaa.

Akaanza upya. Dawa ya pili ilikuwa hivi: chombo kitoe kile kilichofika, lakini kimwambie aliyeomba, kwa sauti ambayo hawezi kuipita, kwamba hakikutimia. Mwenye njaa ale mbili akijua ni mbili. Wakabishana tena juu ya mambo madogo, jinsi ya kuandika, mahali pa kuweka. Wakaikubali. Na ile Mubi hawakuitupa. Waliiweka ndani, pamoja na majaribio yao, na aliniambia kila mara mtu anapotaka kubadilisha kitu katika vyombo vile vya réseau, huko aliko, lazima kwanza Mubi ikatike mbele yake, waone kama luga bado inasema ukweli. Nilimwuliza kama wale watu wanajua kwamba Mubi ni mahali pa kweli, na maduka na matope. Alisema hakuwaambia. Alidhani wataona ni kujisifu. Huo ulikuwa wakati wa pekee nilipomsikia akiogopa jambo hilo.

Hakungoja luga mpya itoke. Vyombo vilivyotengenezwa alivitia kwanza katika mashine za patron. Kisha akamwita mume wangu.

Mume wangu alikuja, mikono nyuma. Mimi nilisimama mlangoni na mwiko mkononi. Papa Foni akaagiza habari ndefu kutoka Butembo, na mume wangu mwenyewe akachomoa waya. Mashine ikaandika: HABARI HAIJATIMIA.

"Rudilia," mume wangu akasema.

Akachomoa mwanzoni. Akachomoa katikati. Akangoja mpaka neno la mwisho kabisa linakaribia, akachomoa kwa ghafla, kama mtu anayetaka kumkamata mwizi. HABARI HAIJATIMIA. Jasho lilikuwa limelowesha shati la pasi la Papa Foni. Mwisho mume wangu akauacha waya, habari ikaingia yote, na mashine ikasema imetimia. Akavuta kiti.

"Mama Riziki, utuletee chai. Vikombe mbili."

"Maneno mbili," akasema Papa Foni. "Yenye sukari."

Juma lile mume wangu aliingia garini.

Nilikuwa nimefika hapo Papa Foni, aliyekwisha kwenda kutazama mashine, akaniita kutoka nje. "Mama Riziki, kuya ku duka. Kuna kitu inaingia."

Nimerudi sasa, nitaandika ilivyokuwa. Nilikimbia bila viatu. Duka liko karibu, lakini matope ni yaleyale. Kwenye mashine kulikuwa na maneno matatu: "Tumefika Sake, gari". Chini yake: HABARI HAIJATIMIA.

Niliyatazama. Gari limekufa. Gari wamelichukua. Gari linatengenezwa. Yote yangeweza kukaa hapo. Nilimgeukia Papa Foni, yeye ambaye ana jibu la kila kitu mpaka la kuni za binti yangu.

"Inasema nini?" nikamwuliza.

"Sijue, Mama." Akanyosha kidole kwenye mashine. "Na yeye hajue. Anasema hajue. Tungoje."

Tukakaa juu ya magunia ya chumvi. Ningependa kuandika kwamba niliogopa sana, maana pengine ndivyo inavyofaa kwa mke, lakini si kweli. Niliogopa, ndiyo, ila hofu yangu ilikuwa na mpaka: najua nini, sijui nini. Miaka ile ya Mubi, nilipodanganywa na habari njema, sikuwa hata na mpaka huo. Nilimtazama kwa pembeni. Amekuwa mzee, kola yake imechakaa, lakini ina pasi. Alikuwa akiitazama mashine jinsi alivyomtazama yule mzee aliyetafuta binti zake.

Mvua ikapungua juu ya bati. Maneno yakaanza kuingia tena, tangu mwanzo: "Tumefika Sake, gari imepona, niko na samaki ya Shasha, mpike bugali tu." Mashine ikasema imetimia. Hata hivyo Papa Foni aliyahesabu kwa kidole, nami niliyahesabu kwa midomo, na tulipofika mwisho alinitazama mimi, akangoja.

"Terminé," nikasema.

Mume wangu amefika giza likianza kuingia, matope mpaka kwenye nyusi, na kifurushi cha majani ya ndizi mkononi. Tumekula sambaza, dagaa za Shasha, zilizokaangwa kwa mawese, bugali, na lenga-lenga, mchicha wa bustanini. Papa Foni aliomba aongezewe chumvi, na hakuhesabu.